Aliye Karibu Naye Asikilizwe

Khawla bint Tha'laba (r.a.) alipotamkiwa na mumewe maneno ya dhihari, hakunyamaza. Alimwendea Mtume (s.a.w.), akajadiliana naye na kumshitakia Mola wake. Ndipo ikateremka Sura ya 58, al-Mujadila, kuthibitisha kwamba Mwenyezi Mungu amemsikia.

Ikiwa shitaka la mwanamke mmoja lasikiwa juu ya mbingu saba, sisi tuishio chini ya paa moja twashindwa na nini?

Nyumbani kwetu tumejiwekea desturi: baada ya Isha simu huwekwa kabatini, na kila mmoja husema la moyoni pasi na kukatizwa. Wiki ya pili, bibi aliyezoea kunyamaza alitueleza kuwa jicho lake la kushoto halioni tena. Kimya chake tulikiita utulivu.