Modemu Ilipokaa Kimya

Bodi 12 zilikuwa zimepangwa juu ya meza ya kulia chakula, taa zote zinawaka, na hata moja haikuweza kutuma chochote. Kazi ya bodi hizo ilikuwa kusoma mita za maji na kutuma namba kupitia modemu ya USB yenye kadi ya SIM. Mteja alikuwa anazisubiri Ijumaa. Hiyo ilikuwa Jumatano usiku, na malipo ya awali nilishayatumia kulipa kodi ya nyumba.

Kilichoniumiza ni kwamba wiki mbili nyuma bodi ya majaribio ilifanya kazi vizuri kabisa. Nilifungua menuconfig, menyu ya kuchagulia vipengele vya kerneli ya Linux, nikatafuta dreva ya modemu, nikaitia alama, nikajenga kerneli. Modemu ikaitika. Siku ya kuandaa mfumo wa mwisho nikasafisha kila kitu kwa make clean, nikijiona fundi makini, kisha nikajenga upya.

Kumbe Buildroot, chombo nilichokuwa nakitumia kujenga mfumo, huliweka faili la .config la kerneli ndani ya folda ya ujenzi, na make clean huifuta folda hiyo. Nilichokichagua kwa mkono hakikuwa kimeandikwa mahali pengine popote. Ipo amri ya kuyahamishia mabadiliko kwenye faili lako la kudumu, make linux-update-defconfig, lakini sikuwa naijua.

Nililing'amua hilo saa saba usiku, nikashusha pumzi. Nikaandika kipande cha usanidi chenye mstari mmoja tu, wa kuwasha dreva ya modemu: CONFIG_USB_SERIAL_OPTION=y. Nikajenga tena, nikasubiri. Modemu kimya. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha modemu yenyewe. Nikaanza kuushuku umeme. Mke wangu alipoamka kuswali alfajiri alinikuta nimeinamia meza. "Baba watoto, hujalala?" Sikuwa na la kumjibu, nilikuwa nawaza namna ya kumwambia kwamba huenda fedha ile tukadaiwa.

Kulipokucha ndipo nilipolifungua .config lililotokana na ujenzi na kulisoma. Mstari wangu haukuwemo! Kconfig, lugha inayopanga chaguo za kerneli, ina utaratibu wa utegemezi: USB_SERIAL_OPTION imo chini ya USB_SERIAL. Mzazi akizimwa, mtoto anaondolewa, na ujenzi unaendelea hadi mwisho bila kosa hata moja. Nikaongeza USB_SERIAL, ila kwa haraka nikaandika m (moduli) badala ya y (ndani ya kerneli), na dreva yangu nayo ikashushwa kuwa m, kwa sababu mtoto hawezi kujengwa ndani ya kerneli ilhali mzazi wake ni moduli tu. Nikarekebisha. Nikawasha pia IKCONFIG_PROC, ili bodi yenyewe iweze kunionyesha usanidi wake kupitia /proc/config.gz, nisiwe tena mtu wa kukisia.

Tangu siku hiyo vipande vyote vya usanidi vinakaa kwenye Git, na kila mstari una maelezo ya kwa nini upo. Kila ujenzi ukiisha, skripti fupi inalipekua .config la mwisho na kukataa kuendelea ikiwa nilichoomba hakimo.

Namba ya kwanza iliingia Alhamisi hiyohiyo saa nne asubuhi. Nilimwita mke wangu. Tukasimama mezani, yeye akihesabu kwa sauti kila bodi ilipoitika, hadi ya 12, nami machozi yakinitoka.