Maua mazuri yaliyoota jikoni kwa mtu

Leo sina ubuyu wa staa yeyote. Ubuyu wa leo unanihusu mimi mwenyewe, na sijatoka vizuri ndani yake. Kaa mkao wa kula.

Kwa wasionijua, mimi ni kijana wa Katubuka, Kigoma. Siku za kazi natengeneza simu pale Mwanga, Jumapili napiga picha. Sina studio, sipigi harusi, sina hata kadi ya biashara. Nina Canon ya mtumba niliyouziwa na jamaa aliyekuwa anahama mji, lenzi moja, na begi ambalo zipu yake imekufa nafungia pini. Napenda vitu vitatu: magari ya zamani, maua na mandhari. Watu nilikuwa nawakwepa. Mtu atakuuliza unapiga za nini, unazipeleka wapi, mimi nimekaaje? Gari bovu haliulizi kitu.

Na kwa vyombo vya zamani, aisee, Kigoma ni kama peponi. Kuna Land Rover za enzi za babu zetu ambazo bado zinapanda vilima huku zinakohoa. Kuna malori yenye bodi za mbao, yameandikwa misemo mpaka kwenye tanki la mafuta. Kuna stesheni ya treni iliyojengwa na Wajerumani, ambako reli kutoka Dar es Salaam ilifika mwaka 1914. Halafu kuna bibi yao wote, MV Liemba.

Liemba nimeipiga picha mara nyingi sana, nyingine nikiwa kwa mbali maana mlinzi alishanifukuza, na alikuwa na haki, bandarini hawaingii watu na makamera hovyo. Ile meli stori yake naijua kama wimbo wa taifa. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kuunganishwa hapa hapa Kigoma. Ikaingia majini Februari 1915. Julai 1916, vita ikiwa imewaelemea, Wajerumani wenyewe wakaizamisha, lakini kwanza wakaipaka injini grisi ili isioze. Machi 1924 Waingereza wakaiibua. Mei 1927 ikarudi kazini. Yaani miaka karibu minane chini ya maji, halafu ikaja kubeba watu na dagaa kwa miongo na miongo.

Nilikuwa najisifu kwa kujua hayo yote. Sasa ngoja nikwambie nisichokuwa nakijua.

Jumapili moja, masika yameisha, nikashuka bondeni hapa hapa mtaani kwetu. Kwa usiyepajua, bonde la Katubuka ni kama sufuria. Mvua ikinyesha maji yanateremka kutoka pande zote, yakifika chini hayana njia ya kutokea. Mvua zikizidi yanapanda, yanaingia mabarazani, yanaingia vyumbani, yanakaa. Kuna nyumba pale zimebaki kuta nusu na paa. Wenyewe wamehama, wengine kwa ndugu, wengine wamepanga.

Siku ile maji yalikuwa yametulia kama kioo. Mayungiyungi yamechanua, meupe na mengine rangi ya zambarau. Katikati yake kuna pikapu ya Peugeot 504, ile tunayoiita Pijo, imezama mpaka kwenye usawa wa taa. Rangi ya bluu imebanduka, kutu imeingia kwa nakshi zake. Nyuma kuna ukuta wa nyumba, na juu yake mawingu ya asubuhi yanajiona kwenye maji. Gari la zamani, maua, mandhari. Vitu vyangu vyote vitatu kwenye fremu moja! Nilipiga kama mara 60. Nikarudi nyumbani natembea kama nimeokota hela.

Nikaichagua moja, nikaongeza rangi kidogo, nikaiposti. Nikaandika: "Kigoma yangu, utulivu mtupu."

Ilikimbia kuliko picha yoyote niliyowahi kuposti. Watu wa Dar wanauliza hapo ni hoteli gani. Dada mmoja anataka kuja kupigia picha za siku yake ya kuzaliwa. Mwingine ananiita fundi. Nikawa natengeneza simu za watu huku nachungulia ya kwangu.

Jioni ikaingia komenti moja. Haina tusi, haina hata alama ya mshangao:

"Hapo kwenye maua mengi upande wa kushoto ndipo lilipo jiko la mama. Hiyo Pijo ni ya marehemu baba. Picha nzuri, hongera."

Jamani, ile hongera. Angenitukana ningejua pa kuanzia.

Kwanza nilijitetea kimoyomoyo. Mimi sikuleta maji. Mimi sikuingia ndani. Kamera haina kosa. Halafu nikafungua tena picha yangu, na safari hii sikuona utulivu. Niliona kitasa. Kwenye ule ukuta kuna mlango wa bluu, maji yamefika chini kidogo ya kitasa. Nilikuwa nimeutengenezea rangi ule mlango upendeze, na sikujiuliza hata mara moja nani alikuwa anaufunga usiku.

Mshikaji wangu pale kwenye meza ya simu akasema, "Si ufute tu, mambo yaishe?" Nikamwandikia yule dada faragha, nikamwomba radhi, nikamwambia naifuta. Akajibu: "Usifute. Mama hajaiona nyumba yake tangu tuhame, magoti yanamsumbua. Kama unaweza, mchapishie umletee."

Nikaichapisha kubwa. Jumapili iliyofuata nikapanda kwenda Gungu, walikopanga chumba. Nikamkuta mama amekaa kwenye mkeka anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ndiyo wewe mwenye picha?"

"Ndiyo mimi, mama."

Akajifuta mikono kwenye kanga, akaipokea kwa mikono miwili. Akakaa nayo muda mrefu. Halafu akaanza kuisoma kwa kidole, kama mtu anayesoma barua. "Hapa jiko. Hapa palikuwa na mpera, watoto wa mtaa mzima wamekula hapa. Huku choo. Hapa ndipo baba yao alikuwa anaegesha." Kidole kikasimama kwenye mayungiyungi.

"Haya maua sikuyapanda mimi," akasema.

Sikuwa na la kujibu.

Akanisimulia ile Pijo. Mzee aliinunua ikiwa tayari imechoka. Alfajiri ilikuwa inashuka Kibirizi kubeba migebuka na dagaa, inapeleka sokoni. Msimu wa mawese inabeba madumu. Wakati barabara ya Kasulu ni vumbi na mashimo, mzee alikuwa anakwenda na kurudi na fundi wake pembeni. Na usiku mmoja ilimpeleka mama Maweni kujifungua, amelazwa nyuma kwenye godoro, mzee anaendesha huku anapiga honi kwa kila kitu mpaka mbuzi. Mtoto aliyezaliwa usiku ule ndiye yule dada wa komenti.

Mimi, kwa kukosa la kusema, nikaanza kumsimulia Liemba. Masanduku 5,000, kuzamishwa, kuibuliwa. Mama akasikiliza, akaangua kicheko.

"Miaka minane majini, kisha ikafanya kazi? Basi Pijo yangu haina hata miwili. Mwambie fundi aje na grisi."

Tulicheka wote. Halafu akanyamaza, akauliza, "Hivi hiyo meli yote hayo yameandikwa?" Nikamwambia yameandikwa, mama. Akatikisa kichwa taratibu, akairudia picha.

Akaniomba kitu kimoja. Mzee alipofariki hawakuwa na hata picha moja ya familia na lile gari. Alitaka asimame karibu nalo, hata kama ni kwa mbali. Tukachukua bajaji sisi watatu tukateremka Katubuka. Ilikuwa saa sita mchana, mwanga mbaya kabisa, jua la utosi, wapiga picha mnanielewa. Ningemwambia tungoje machweo, jua linazamia upande wa Kongo, milima ile inageuka dhahabu. Nikameza maneno. Mama hakuja kufuata dhahabu.

Akasimama ukingoni, akajifunga kanga vizuri. "Nipige nimesimama. Maua usiyaweke." Nikasogea mpaka maua yote yakatoka kwenye fremu. Nikabaki na mama, Pijo na mlango wa bluu. Nikapiga.

Hiyo picha hamtaiona hapa. Si yangu. Iko ukutani Gungu, pembeni ya kalenda.

Ile ya kwanza sikuifuta, ila maneno yake nimebadilisha. Mama aliniambia niandike nini, mimi nikaandika tu:

"Hii ni nyumba yetu ya Katubuka. Jiko liko upande wa kushoto, chini ya maua. Gari ni la mume wangu, lilikuwa linabeba samaki wa Kibirizi. Tulihama maji yalipoingia."

Wiki ile ile komenti zikabadilika. Mmoja akaandika, paa linaloonekana kwa mbali kulia ni la kwao. Mwingine akasema ukuzue kidogo, pale penye nguzo ndipo alipokuwa anauza vitumbua. Mpaka sasa tumetambua nyumba sita kwenye picha niliyoiita utulivu mtupu.

Bado napiga magari ya zamani na maua, siwezi kuacha, nawajua na mnanijua. Ila sasa nikiona gari limelala, kabla ya kutoa kamera kwenye begi natafuta mtu wa kumuuliza: hili la nani? Mara nyingi yuko hapo hapo kibarazani, ananiangalia, anangoja niulize.

Wewe je, ile picha yako ya gofu zuri uliyoipostia msemo wa maisha, unajua mwenye nyumba yuko wapi? Tupia stori yako hapo chini.