Safari ya Kisiwa cha Rubondo

Ndugu msomaji, sisi watu wa Kibondo na Kasulu ni watu wa milima. Tunajua jembe, maharage na muhogo. Wengi wetu hatujui kuogelea. Je, tunaweza kutembelea kisiwa? Tunaweza. Sisi tumekwenda Rubondo.

Rubondo ni kisiwa katika Ziwa Victoria. Ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977. Tulikuwa watu wanne. Tulipanda basi Kibondo, tukapita Kakonko, Nyakanazi na Biharamulo, tukalala Chato. Asubuhi tulikwenda Kasenda kupanda boti.

Nahodha aligawa majaketi okozi. Haya ni majaketi yanayoelea majini. Mzee mmoja wa Kasulu alilikataa lake. Alisema, "Nimevuka Malagarasi kwa mtumbwi tangu utoto. Sijavaa kitu hiki."

Nahodha hakubishana naye. Alizima injini, akakaa. Kisha akasema, "Mzee wangu, ng'ambo ya mto unaiona. Ng'ambo ya ziwa huioni. Usipovaa hatuondoki."

Mzee akavaa.

Rubondo ina fukwe za mchanga safi. Ukiuona mchanga huo, unatamani kuvua viatu na kuingia majini. Hatukuingia. Askari wa hifadhi alituonyesha nyayo za kiboko mchangani. Alituambia kuwa mamba pia wapo.

Kisha alituongoza msituni kwa miguu. Tulisikia kelele za sokwe juu ya miti. Sokwe hao wana habari ya ajabu. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani alileta sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Walikuwa wamezoea kulishwa na watu. Kisiwani walijifunza kutafuta chakula chao wenyewe. Leo wajukuu wao wanaishi katika msitu huo.

Alasiri tulianza kurudi. Upepo ukavuma. Mawimbi yakapiga boti, maji yakaturukia. Hakuna aliyesema neno. Nilikumbuka kivuko cha MV Nyerere. Kilipinduka katika ziwa hilohilo, karibu na kisiwa cha Ukara, tarehe 20 Septemba 2018. Watu zaidi ya 200 walikufa. Nilimwona yule mzee anakaza kamba za jaketi lake. Nami nikakaza zangu. Nahodha alipunguza mwendo, tukafika salama.

Ndugu msomaji, ukisafiri majini, hata katika Ziwa Tanganyika, kumbuka haya:

1. Usipande chombo kilichojaa kupita kiasi.
2. Vaa jaketi okozi kabla ya kuondoka. Funga kamba zote.
3. Msikilize nahodha.
4. Usiogelee kabla ya kuwauliza wenyeji.

Tulipokuwa ndani ya basi, mzee wa Kasulu alikaa kimya muda mrefu. Karibu na Kakonko aliniuliza, "Bwana Shamba, jaketi moja ni shilingi ngapi? Wajukuu wangu wanavuka Malagarasi kila siku ya soko."