Hatua Ndogo Kabla ya Mpira

Siku ya tatu ya mazoezi, kocha aliniambia nina mkono mzuri na miguu mibovu. Alisema huku akiokota mipira niliyoikosa, bila ukali, kama fundi anayekutajia kifaa cha kubadilisha. "Dogo, unakimbia sana," akaongeza. "Ila unaanza kukimbia mpira ukiwa umeshafika."

Nilinyamaza, lakini maneno yale yaliniuma kuliko alivyokusudia. Nitaeleza kwa nini.

Kiwanja chetu kiko Upanga. Ni cha saruji, kina ufa karibu na mstari wa nyuma, na tunacheza Jumamosi alfajiri kabla jua halijawa adui. Naondoka nyumbani Kariakoo na raketi ndani ya mfuko wa salfeti, nafuata Msimbazi hadi Faya, navuka Barabara ya Morogoro. Ni mwendo mfupi, lakini zamani ulikuwa mrefu. Wakoloni waliiacha Mnazi Mmoja wazi ili iutenge mji wa Waafrika na mji uliobaki, na tenisi ilikuwa mchezo wa upande wa pili. Upande wetu jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa jeshi la Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia, waliopiga kambi hapa. Sisi ni mtaa wa watu wa miguu. Ndiyo maana niliona aibu kuambiwa miguu yangu mibovu.

Kocha alianza na hesabu. Kiwanja cha tenisi kina urefu wa mita 23.77. Mpira wa wachezaji wa kujifurahisha, tuseme unakwenda kwa wastani wa kilomita 70 kwa saa, unavuka urefu huo kwa sekunde moja na ushei. Ukitumia nusu sekunde kushangaa, hata uwe na mbio za duma utapiga ukiwa umepinda, mpira ukiwa umeshakupita kiuno. Dawa si kukimbia zaidi. Dawa ni kijiruko kidogo, kisichozidi urefu wa kisigino cha kiatu, unachokifanya mwenzako anapopeleka raketi mbele. Unatua kwa vidole, magoti yamelegea, wakati uleule mpira unapotoka kwake. Hapo mwili uko tayari kwenda kulia au kushoto. Ukitua mapema, unaganda tena. Ukitua kwa kuchelewa, bado uko hewani wakati ulipaswa kuwa njiani.

Kukielewa kijiruko kile kulinichukua dakika moja. Kukifanya kumenichukua miezi, na bado.

Sasa nieleze. Desemba mwaka jana, msimu wa sikukuu, nilikuwa natembea na mama Mtaa wa Kongo. Wanaoujua Mtaa wa Kongo mwezi wa Desemba hawahitaji maelezo: nguo zimetandazwa chini, spika zinatangaza bei, bodaboda zinapita pasipo na njia. Mama alitangulia, mimi nyuma nimembebea mfuko. Msimamizi wangu wa tasnifu alikuwa amenitumia ujumbe, nami nikawa namjibu huku natembea. Nyuma yetu mtu akapaza sauti, "Mzigo! Mzigo huo!" Niliisikia. Nikamalizia sentensi. Akaita mara ya pili. Nilipoinua kichwa, mama alikuwa ameshageuka kunitafuta, na mkokoteni wa marobota ulikuwa hatua mbili kutoka kwake.

Nilikimbia. Nilikuwa na kasi kweli. Nilifika akiwa ameshaanguka.

Alivunjika mkono, karibu na kiwiko. Kijana wa mkokoteni alikuwa wa kwanza kumwinua, analia kuliko mimi. Nilimwambia kila aliyeuliza kwamba ilikuwa ghafla mno.

Baada ya plasta kutolewa, mama alirudi dukani, lakini hakutaka tena kupita peke yake kwenye msongamano. Kila asubuhi nikawa namsindikiza, ameshika mkono wangu. Ndipo nikaanza kumwona anavyotembea, jambo ambalo sikuwahi kuliangalia ingawa ndiye aliyenifundisha kutembea katika mitaa hiyohiyo. Hana haraka. Lakini kila tunapokaribia njia panda, kabla hakijatokea chochote, anafupisha hatua, anainua visigino kidogo, uzito unahamia mbele. Bajaji ikichomoza, yeye ameshahama. Mimi ndiye ninayevutwa.

Nilimuuliza anajuaje. "Mkokoteni siuangalii, baba," alisema. "Naangalia watu walio mbele yangu. Wakianza kugawanyika, kuna kitu kinakuja."

Jumamosi ile niliacha kuukodolea mpira macho. Nilimwangalia mpinzani wangu: bega lake linageuka lini, mguu gani anaukanyagia. Kocha akaniongezea zoezi ambalo Timothy Gallwey alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 1974 kuhusu tenisi: kutamka neno moja mpira unapodunda na jingine unapogusa raketi. Mimi nasema "dunda" na "piga". Linaonekana la kitoto, hadi ugundue kuwa "piga" yako inatoka wakati mpira umeshapita. Sauti haikudanganyi. Inakuonyesha umechelewa kiasi gani.

Nadhani ni zoezi hilo lililonifanya niseme. Asubuhi moja, kwenye kona ya Mtaa wa Kongo, nilimwambia mama kwamba siku ile niliisikia sauti ya kwanza.

Hakusimama. "Najua," alisema. "Nilipogeuka ulikuwa kwenye simu."

Miezi yote ile alijua, na hakumwambia mtu. Nilianza kuomba radhi, yale maneno marefu niliyokuwa nimeyaandaa, lakini nyuma yetu mtu akaita, "Mzigo!" Nikajikuta nimeshafupisha hatua, nimeshamvuta upande wa ukuta. Guta likapita limejaa ndoo za plastiki. Mama akaliangalia hadi likapotea, kisha akahama kutoka mkono wangu wa kulia kwenda wa kushoto, upande wa ndani.

"Haya," akasema, "twende, wateja hawasubiri."

Jumamosi iliyopita nilifungwa 6-2. Mipira mingi bado inanikuta nimesimama kama mlingoti. Lakini simu sasa inabaki ndani ya mfuko wa salfeti, kiwanjani na barabarani, na kocha anasema visigino vyangu vimeanza kuinuka vyenyewe.