Kamera, Kilimia na Riziki

Mchagua jembe si mkulima. Methali hii niliikariri tangu utotoni pasi na kuielewa, hadi usiku mmoja wa Januari nilipoketi ukingoni mwa kreta ya Menengai, kamera mkononi na baridi mifupani.

Ndugu msomaji, kamera hiyo ndiyo iliyonilipia karo. Kila mwisho wa juma nilipiga picha za arusi na mahafali, kuanzia Njoro hadi Naivasha. Usiku niliwawekea nyota, kwani sisi wa Nakuru tumejaliwa: tu karibu na ikweta, hivyo anga ya kaskazini na ya kusini zote hutupitia. Hata hivyo, mawingu ya haidrojeni katika kundi la Orioni, ambayo vitabuni yaliwaka kama makaa, katika picha zangu yalitokea hafifu mithili ya moshi.

Sababu niliijua baadaye. Haidrojeni hiyo hutoa nuru nyekundu yenye urefu wa wimbi wa nanomita 656, ukingoni mwa nuru ionekanayo, jirani na infraredi. Mbele ya kihisi cha kamera ya kawaida pana kichujio kinachozuia infraredi ili rangi za ngozi na nguo zibaki kama zilivyo. Nacho, katika kuizuia, hunasa pia sehemu kubwa ya wekundu ule. Kampuni ya Canon iliunda kamera ya wapenzi wa nyota, EOS 20Da, mwaka 2005, kisha EOS 60Da mwaka 2012. Nikon ikaleta D810A mwaka 2015. Kwangu mimi, bei zake zilikuwa ndoto ya mchana.

Fundi mmoja akanionyesha njia ya mkato.

"Mdogo wangu, kichujio nitakitoa leo hii. Lakini fahamu, shela za maharusi wako zitageuka waridi."

Rangi zingeweza kusahihishwa kwa kiasi, ila mwenye arusi hanunui "kwa kiasi". Nilikuwa na kamera moja tu. Je, niuze riziki yangu kwa wekundu wa Orioni?

Nikiwa katika kuwaza huko kreteni, niliinua macho nikakiona Kilimia. Jina hilo nililifahamu darasani: latokana na kulima, kwa kuwa nyota hizo ziliwaashiria wakulima majira. Ndipo nilipokumbuka kwamba vumbi lililozizunguka haliwaki lenyewe. Huakisi nuru ya nyota, nayo ni ya buluu. Kichujio changu hakikuwa na ugomvi na buluu! Nilipiga picha zaidi ya mia moja za sekunde chache chache, nikaziunganisha kwa kompyuta. Alfajiri, utandu mwembamba wa buluu ulijitokeza kiooni. Nilitokwa na machozi.

Kamera ile sikuipasua. Miaka miwili baadaye nilinunua nyingine kuukuu, nikaiondolea kichujio, na sasa Orioni huwaka ipasavyo. Ile ya kwanza ingali inapiga arusi.

Kwa hiyo, mwenzangu unayetafuta kamera ya nyota, usianze na duka. Jiulize kwanza wataka kunasa nuru ipi, na ni nani atakayelala njaa ukikosea. Mimi nilihangaikia jembe miezi mingi, ilhali shamba lilikuwa juu ya kichwa changu, limeiva.