Mashine Kuukuu na Daftari Lake

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Leo tunataka kuwasimulia jinsi daftari lilivyotufundisha adabu sisi wenyewe, hapa Gety, mbele ya kompyuta kuukuu na kijana mmoja karani.

Kwanza tukumbushane jambo la zamani. Askofu Mkuu Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwaamuru wanawe wawe na daftari katika kila misheni, na kuandika humo kila siku mambo yaliyotukia: nani amefika, nani anaumwa, mvua imenyesha ama la. Pengine padre mwenye homa aliandika mstari mmoja tu, akalala. Hakujua ni mstari upi utakaotafutwa baada ya miaka mingi. Daftari la Rubaga, huko Uganda, liliandikwa hivyo hivyo, na leo wenye kuchunguza habari za Wafiadini wa Uganda, waliouawa kati ya miaka 1885 na 1887, hulitegemea sana. Faida ya daftari la namna hii ni kwamba huandikwa kabla ya haja. Ugomvi ukiisha kutokea, kila mtu hukumbuka kwa namna inayompendeza.

Basi kompyuta nayo, au ordinatere kama wengi wetu huku tunavyoiita, ina daftari lake. Mabaharia wa pwani huita batli kile kitabu ambamo huandikwa mwendo wa chombo. Nasi tutalitumia neno hilo. Ndani ya mashine kuna programu ndogo isiyoonekana kwenye kioo. Wewe unapoandika barua, yenyewe iko nyuma, kimya, inaandika mambo yake: mashine imewashwa saa fulani; programu fulani imeanguka; diski imeshindwa kusoma; mashine imezimwa na fulani. Mafundi wa chuo cha MIT huko Marekani, mwaka 1963, walizipa programu zifanyazo kazi nyuma namna hii jina la daemon. Msomaji asishtuke. Hawakumfikiria Shetani. Walimkumbuka mtaalamu James Clerk Maxwell, aliyepata kuwaza juu ya kiumbe mdogo mwenye kukaa mlangoni na kutenganisha chembe za hewa ziendazo mbio na zile ziendazo polepole, bila kuchoka kamwe.

Sasa tuje kwenye kisa chetu. Gety iko kusini ya Bunia, katika nchi ya Irumu. Vita viliwafukuza watu wa huku nyumbani kwao mara nyingi. Mwaka 2006 wakimbizi maelfu kwa maelfu walikusanyika hapa Gety. Aliyekimbia na mtoto mgongoni hakubeba karatasi. Kwa hiyo hata leo watu huja kuuliza: jina langu limeandikwaje? Nilizaliwa mwaka gani? Wazazi wangu wameandikwa? Kwa mtu aliyepoteza nyumba, mstari mmoja katika kitabu cha zamani ni mali kubwa.

Ofisi moja huku kwetu, ambayo hatutaitaja, ilianza kunakili vitabu vyake vya namna hiyo katika kompyuta. Mashine yenyewe ilinunuliwa imekwisha kutumika, huko Kampala, ikapita Mahagi hata Bunia, kisha ikapanda gari kuja Gety. Ilikuwa ya mezani, yenye Windows 7 na kumbukumbu ya gigabaiti 2. Umeme wake ulikuwa wa jua: betri mbili zilizochoka, na inveta, yaani kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumba.

Mashine ikaanza kufa ghafula. Kioo huwa cheusi, na maneno yaliyokuwa yakiandikwa hupotea. Siku moja faili zima liliharibika, na kazi ya majuma matatu ikaenda nalo. Mzee msimamizi wa ofisi akamshuku karani, kijana wa miaka ishirini na kitu. Alisema kwamba kijana hurudi jioni kutazama filamu, kisha huchomoa waya na kukimbia. Ufunguo wa ofisi ulikuwa kwake. Nasi tukaitwa tuamue, kwa kuwa tunahesabiwa mafundi, hasa kwa sababu hatuogopi kufungua kifuniko.

Tukafungua batli. Katika Windows kila tukio lina namba yake. Namba 1074 ni kwamba mashine imezimwa kwa utaratibu. Namba 41 huandikwa mashine inapoamka na kujikuta haikuzimwa vema: labda umeme ulikatika, labda iliganda, labda mtu alichomoa waya. Namba 6008 husema hayo hayo, tena hutaja saa ya kuanguka. Tukazinakili habari hizo kwa maandishi ya kawaida katika flashi, tukaenda kuzisoma nyumbani.

Tulichokiona kilitutosha, au tulidhani kimetutosha. Ofisi hufungwa saa kumi alasiri. Lakini mashine ilikuwa imeanguka mara sita katika majuma mawili, na karibu kila mara ni kati ya 16:15 na 16:35. Na siku ambazo haikuanguka, ilizimwa kwa utaratibu karibu na 17:00. Maana yake kuna mtu anayekaa ofisini saa nzima baada ya wenzake kuondoka. Tukampelekea mzee karatasi yetu, tena kwa majivuno. Kijana aliposomewa alisema neno moja tu: "Mimi huondoka saa kumi." Hatukumsikiliza, kwa maana mashine imesema. Akanyang'anywa ufunguo, akaambiwa akae nyumbani kwanza.

Siku ya soko tulikutana na mama yake njiani. Alitusalimu kwa heshima kama kawaida, akauliza habari za watoto, wala hakutaja jambo lile. Salamu hiyo ilituuma kuliko matusi.

Juma halijaisha, mashine ikaanguka tena, na kijana yuko shambani kwao. Tukarudi ofisini, tukakaa karibu na mashine tangu asubuhi. Alasiri watu walikuja kuchukua vyeti vyao, mzee mwenyewe akaamuru mashine ichape, na pap! kioo kikawa cheusi mbele ya macho yetu. Tukatazama simu: 15:22. Tukaiwasha mashine, tukafungua batli. Iliandika: 16:22.

Tukaagiza kijana aitwe. Akaja, akasimama mlangoni. Tukamwuliza juu ya saa. Akajibu: "Saa ya mashine hiyo iko mbele tangu ilipofika. Mimi hufuata simu." Tukamwambia: "Mbona hukusema?" Akasema: "Wazee wangu, hamkuniuliza habari za saa. Mliniuliza kama nimeiharibu."

Hatukuwa na jibu.

Jambo lenyewe ni jepesi. Uganda hufuata saa ya Afrika Mashariki, sisi wa Ituri tuko nyuma yao kwa saa moja. Mashine ilikuja na saa ya Kampala, na hakuna aliyeibadilisha. Tena, batli ya Windows hutunza ndani yake saa ya ulimwengu, ile ihesabiwayo tangu Greenwich, ikaionyesha kwa saa ya mahali mashine ilipopangiwa. Kama tungalinakili batli yenyewe, kompyuta yetu ingalitufasiria kwa saa ya huku. Sisi tulichukua maandishi, na maandishi yakabaki na saa ya Uganda. Ile 17:00 iliyotufanya tumhukumu kijana ilikuwa saa kumi kamili, saa ya kufunga, kama alivyosema.

Na mashine iliuawa na nini? Baada ya kupanga saa vema, tuliwasha batli ya uchapishaji, ambayo katika Windows 7 huwa imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe. Ikatuonyesha mfuatano ule ule mara tatu: kazi ya kuchapa imeanza, kisha kimya, kisha namba 41. Printa ya leza ina rola inayopashwa moto ili kuyeyusha unga wa wino kwenye karatasi, na kwa muda mfupi huvuta umeme wa mamia ya wati. Betri zilizochoka hazikuweza kubeba printa na kompyuta pamoja. Basi tuliamua kwamba kuchapa kutafanyika siku za jenereta tu. Mwezi mzima ukapita bila namba 41.

Kijana alirudishiwa ufunguo mbele ya wote waliosikia akinyang'anywa. Sisi tulikwenda nyumbani kwa mama yake, tukaketi, tukaomba radhi. Alitupa viti na chai.

Kwa wale walio na mashine kuukuu maofisini na mashuleni, tunaandika hapa tuliyojifunza.

Kwanza, tazameni saa kabla ya kusoma batli. Mashine ya zamani ina betri ndogo ya volti 3, mfano wa sarafu, iitwayo CR2032. Ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi, na daftari lote huvurugika.

Pili, msiitwishe mzigo. Kuandika nako ni kazi, na diski ya zamani huchoka. Programu ya kupima mwenendo wa mashine yaweza kuandika kila sekunde, lakini kwa mashine dhaifu dakika moja moja yatosha. Wanaotumia Linux katika kompyuta kuukuu wana sysstat, ambayo kwa desturi huandika kila baada ya dakika 10.

Tatu, batli ina mpaka. Katika Windows 7 batli ya mfumo hupewa megabaiti 20. Ikijaa, mistari ya zamani hufutwa ili mipya ipate nafasi. Nakilini mapema. Na mkiona namba 7 ya diski, yaani sehemu mbovu imepatikana, msingoje kesho: hamisheni vitabu vyenu siku hiyo hiyo. Tena Microsoft iliacha kuitengeneza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mashine ya namna hiyo ni afadhali isiingizwe katika intaneti.

Nne, watu waambiwe kwamba daftari liko. Kuandika mwenendo wa mashine ni halali. Kuandika kwa siri kila herufi aandikayo mtu ni kumpeleleza. Ofisini kwetu tumebandika karatasi ukutani: mashine hii huandika saa ya kuwashwa, kuzimwa na kuchapa.

Na la mwisho tumelijua kwa aibu. Batli haina chuki wala upendeleo, lakini haijui yote. Haikujua iko Gety. Ilidhani ingali Kampala. Daftari ni shahidi mwema, ila shahidi naye huulizwa maswali, na mshitakiwa husikilizwa kabla ya hukumu. Kijana wetu sasa ndiye mtunza batli. Kila Jumatatu asubuhi huilinganisha saa ya mashine na ya simu yake, akaandika kwa kalamu katika kijitabu: saa ni sawa.