Blauzi ya Bobby

Mama alikuwa akienda sinema na kazi zake. Wenzake walikwenda kulia na kucheka, yeye alikwenda kuiba mshono. Taa zikizimwa alinivuta karibu na kuninong'oneza: "Wewe shika mgongo, mimi nashika mbele." Maana yake, kila stelingi wa kike akigeuka, macho yangu yawe kwenye zipu, kiuno na pindo la nyuma. Yeye angeshughulika na kola, mikono na kifua. Nilikuwa na miaka tisa, na filamu yenyewe ilikuwa Bobby.

Wakati huo katikati ya Dar es Salaam kulikuwa na majumba ya sinema ya Avalon, Odeon, Empress, Cameo na mengine, na Msasani kulikuwa na Drive-In iliyofunguliwa mwaka 1966. Jumapili ilikuwa siku ya picha za Kihindi. Foleni ilizunguka jengo, na walanguzi walisimama pembeni wakiuza tiketi kwa bei ya kuumiza. Kihindi hatukukijua, lakini hadithi tuliijua kabla haijaisha: kijana wa tajiri, binti wa maskini, wazazi wamekaza shingo. Mara hii kijana alikuwa Rishi Kapoor, mtoto wa mfanyabiashara wa Bombay. Binti alikuwa Dimple Kapadia, mtoto wa mvuvi Mkristo mwenye asili ya Goa. Raj Kapoor ndiye aliyeitengeneza, ikatoka India mwaka 1973. Filamu yake ya nyuma, Mera Naam Joker, ilikuwa imemtia kwenye madeni. Bobby ikamtoa.

Sisi madeni yake hatukuyajua. Tulichokiona ni blauzi. Ilikuwa ya madoadoa meusi na meupe, imefungwa fundo kwa mbele, na chini yake sketi nyeusi. Dimple alipotokea na blauzi ile, jumba zima lilipiga mbinja. Mama peke yake alikaa kimya, vidole vikitembea juu ya paja kama anayepima.

Cherehani yake, Singer ya kukanyaga, ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa Mtaa wa Uhuru. Ndivyo mafundi wengi wa mtaa ule walivyofanya kazi: mwenye duka anauza yadi, fundi anapima na kukata hapo hapo nje. Jumatatu ile, kabla Mama hajamaliza kutia mafuta mashine, wasichana wanne walikuwa wamekwisha simama barazani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wanangu. Bobby, siyo?"

Walicheka. Halafu ubishi ukaanza. Mmoja alisema mkono wa blauzi ulikuwa mrefu, mwingine akaapa ulikuwa mfupi, wa tatu akasema haukuwa na mkono kabisa, na wa nne akasema wote walikuwa wakimwangalia Rishi. Mama aliniita nitoe ushahidi wa mgongo. Nikasema mgongo ulikuwa mtupu, hauna zipu wala kifungo. Aliandika kwa chaki juu ya meza, akafuta, akaandika tena. Hakuna aliyekuwa na picha. Tulichokuwa nacho ni kumbukumbu za watu sita zilizokuwa hazikubaliani.

Mambo hayo hayakuanza na Bobby. Mama alikuwa na hadithi za kaka zake, waliokunja suruali juu ya kifundo cha mguu na kuvaa kofia upande baada ya kumwona Raj Kapoor yule yule katika Awara ya 1951 na Shree 420 ya 1955. Bibi aliwaambia wanaonekana kama watu wanaovuka mto. Mwaka 1960 ikaja Mughal-e-Azam, na vazi la Madhubala lenye marinda mapana likapewa jina la mhusika wake: mpaka leo ukisema "anarkali" kwa fundi yeyote wa pwani, anajua aanzie wapi. Mwaka 1968 Mumtaz alivaa sari ya rangi ya chungwa katika Brahmachari, sari iliyokwisha shonwa tayari na kutiwa zipu, ikambana mwili wote. Watu waliulizana nani aliyeimba. Mama aliuliza nani aliyeshona. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua jibu: alikuwa mwanamke, Bhanu Athaiya, ambaye baadaye, kwa mavazi ya filamu ya Gandhi, alikuwa Mhindi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar. Nilipomweleza Mama, alitikisa kichwa polepole. "Nilijua ni mwanamke," akasema. "Mwanamume asingekumbuka kwamba mtu lazima akae chini."

Lakini blauzi ya Bobby ilikuwa na tatizo ambalo anarkali halikuwa nalo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, wigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua vikapigwa marufuku. Wasichana walikuwa wamevamiwa vituoni na kushushwa kwenye mabasi kwa ajili ya magoti yao. Miaka ilikuwa imepita, lakini hakuna mama aliyekuwa amesahau. Na hata kama serikali ingenyamaza, kulikuwa na baba, na mjomba, na jirani mwenye macho. Sasa msichana anakuja anataka blauzi inayofungwa fundo chini ya kifua, tumbo linapigwa na upepo. Fundi afanye nini?

Mama alikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu akakata blauzi ndefu ya kawaida, iliyofika chini ya kiuno. Juu yake akakata vipande viwili vya mbele, akavipindisha, akavifunga fundo zuri lililosimama kama sikio la sungura, kisha akalishona fundo lile juu ya blauzi ili lisisogee. Chini ya fundo, pale ambapo tumbo lilipaswa kuonekana, palikuwa na kitambaa kile kile cha madoadoa. Ukiwa mbali ungeapa imefungwa. Sketi ikashuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mikono, kwa kuwa ubishi haukuisha, aliishusha mpaka kwenye kiwiko ili kila mtu apate nusu ya haki.

Wasichana wanne walivaa, wakatembea kutoka Mnazi Mmoja mpaka Kariakoo, na wiki iliyofuata barazani hapakuwa na pa kukanyaga. Kitambaa cha madoadoa kikaisha dukani, kisha kikaisha mtaa mzima. Nimesoma baadaye kwamba India nako kitambaa hicho kilipewa jina la Bobby, na hata pikipiki ndogo ya Rajdoot aliyopanda Rishi ikaitwa Bobby. Kwetu pikipiki hatukuzipata. Tulipata hereni za ringi, utepe wa nywele, na miwani ya jua mikubwa iliyofunika nusu ya uso.

Wanaume nao hawakubaki nyuma. Wenye pesa walishona bugaluu mpya na kununua viatu vya raizoni. Wasio na pesa walileta suruali zao za zamani. Mama alifumua mshono wa pembeni kuanzia gotini, akachomeka kipande cha pembe tatu, na suruali ya kazini ikageuka bugaluu. Mara nyingi kipande hakikufanana rangi na suruali. Mwanzoni walilalamika. Halafu ikawa ndiyo staili yenyewe: watu wenye suruali nzima walikuja kuomba watiliwe kipande cha rangi nyingine.

Siku moja Bibi alikuja kututembelea kutoka Bagamoyo. Akaokota kipande cha madoadoa chini ya cherehani, akakigeuza kwenye mwanga. Nikamwambia kwa majivuno, "Bibi, hiyo Bobby hiyo."

"Bobby gani?" akauliza. "Hayo manyoya ya kanga." Akanieleza alivyosikia kwa wakubwa wake: vitambaa vya kwanza vya kanga vilikuwa vya rangi ya kiza vyenye vidoa vyeupe, kama yule ndege, na jina likatoka hapo. "Mmelipa tiketi kwenda kuangalia nguo ya nyanya yenu," akasema, akakiweka chini.

Nilikasirika, maana alikuwa ameninyang'anya mtindo. Sasa naona alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi wote. Madoadoa yale hayakutuingia haraka hivyo kwa sababu ya Dimple peke yake; macho yetu yalikuwa yameyazoea tangu zamani.

Mwisho wa miaka ya 1970 vitambaa viliadimika. Vita vya Kagera vikaja, foleni za sinema zikapungua, za sukari na khaki zikarefuka. Mama alishona alichopata. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba ikarudi kwa marobota, na kanda za video zikaingia majumbani. Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994, lakini mwenye deki alikuwa na sinema yake sebuleni, na siku za majumba ya sinema zikaanza kuhesabiwa kama za mgonjwa. Moja baada ya jingine yakafungwa.

Deki ilibadilisha kazi ya Mama. Mteja aliweza kusimamisha picha. "Fundi, rudisha nyuma, hapo, hapo!" Sari ya zambarau ya Madhuri Dixit katika Hum Aapke Hain Koun ya 1994 hakuna aliyeibishania. Ilisimamishwa kwenye kioo, ikahesabiwa shanga. Mama alishona blauzi yake vizuri sana, na akaniambia hajawahi kuchoka hivyo. "Zamani nilikuwa nashona," alisema. "Sasa nanakili."

Ni kwenye deki ya jirani ndipo nilipoiona Bobby mara ya pili, nikiwa mtu mzima. Nilikaa na chai mkononi nikisubiri blauzi yangu. Ilipotokea, nilidhani wameibadilisha filamu. Tumbo lilikuwa wazi! Sketi ilikuwa fupi kuliko zote nilizowahi kuzifikiria. Mimi, shahidi wa mgongo, niliyekaa mstari wa nne nikiwa sijapepesa, nilikuwa nimekumbuka kwa miaka yote ile blauzi ndefu na sketi ya kufika chini. Nilikuwa nimemvika Dimple nguo ya Mama.

Niliporudi nyumbani nilimweleza. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema wale wasichana wanne nao walikuwa hivyo hivyo; mmoja alikutana naye sokoni, akamwapia kwamba blauzi ya Bobby ilikuwa na mikono ya kiwiko.

Siwezi kusema zamani ilikuwa bora. Mteja wa leo anafika Kariakoo na picha kwenye simu, anaikuza kwa vidole viwili, fundi anaona mpaka uzi, na kinachotoka ni kile alichokitaka. Asipopata fundi, nguo ile ile iko dukani, imekunjwa ndani ya nailoni, imetoka China. Wateja wa Mama wengine waliondoka wananuna, na wawili hawakurudi. Lakini nguo ikifika bila kupita kwenye kichwa cha mtu, inafika kama ilivyoondoka. Ya Bobby ilipita kwenye vichwa sita, sheria moja, baba wanne na yadi chache za kitambaa, na ilipotoka upande wa pili ilikuwa ya Mtaa wa Uhuru.

Mwaka jana binti wa mdogo wangu alikuja kuazima kitu cha kuvaa kwenye sherehe. Chuoni kwao walitakiwa wavae mavazi ya zamani. Nilifungua sanduku la Mama, Mungu amrehemu, nikamtolea blauzi ya madoadoa, ile ya mfano, iliyoning'inia barazani. Alifurahi, akaivaa, akasimama mbele ya kioo. Kisha akaanza kuhangaika na fundo la mbele, anavuta huku, anavuta kule.

"Shangazi, halifunguki."

Nikasogea, nikamwonyesha kwa ukucha mistari mitatu ya uzi mweusi chini ya fundo, midogo, imebanana, kila mmoja juu ya mwenzake.